Kabla Hajaonekana

Sheria ilikuwa moja pale gatini Palacios:
mtaje samaki kabla maji hayajamtaja.
Ukikosea utapara wewe,
na kahawa ya alfajiri ni juu yako.

Baba hakukosea. Miaka ishirini na mitatu
nilipara mimi.

Aliulaza mshipi juu ya kidole cha shahada,
macho kafumba, sigara imemzimikia mdomoni.
Mshipi ulikuwa mshipa wake mwingine.
Samaki akishika tu, huko chini gizani,
baba alishaingia kwake hadi sebuleni.
"Hongwe," angesema. Basi.
Na hongwe angepanda, ndevu na ute,
akiguna kama aliyeamshwa.

Hakunifundisha. Lương Thoại, mvuvi wa kamba
tangu mashua ya kwanza ya mkopo,
aliyapima maneno kama alivyopima dizeli.
Nilichojua nilikiiba:

kwamba taa hapigani, hukaa.
Hujibandika mchangani kama kifuniko
kilichonyonywa na sufuria,
nawe wavuta Texas yote.
Kwamba wayo huja kama tambara la deki,
mzito, mtiifu, umeshamdharau,
kisha anaona mwanga wa gati na kumbe ana roho.
Kwamba kolekole hana breki wala nyumbani.
Kwamba yule mwekundu mwenye doa mkiani
hutikisa kichwa, la, la, la,
mtoto na kijiko cha dawa.
Na yule wanayemwita ngoma
hadundi kwa hasira, hudunda kwa desturi:
du. Kimya. Du.
Jirani anagongea msumari ukutani
na hana haraka ya kutundika picha.

Mwaka jana sukari ikamfika vidoleni.
Alishika birika la moto
mpaka harufu ikatuita jikoni.
Daktari akamchoma sindano, kidole hata kidole,
na baba, aliyemjua hongwe
kupitia mita arobaini za giza,
akamuuliza: "Umeanza?"

Oktoba nikampeleka gatini. Ufito nikashika mimi.
Yeye kakalia ndoo, mikono kwapani,
kama mtu aliyeficha kitu alichovunja.

Mshipi ukakaza.
"Yukoje?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa.
Mzito, nikasema.
"Mzito vipi? Gunia ni zito.
Mama yako alikuwa mzito wa hasira."

Nikatafuta.
Kama mtu anayevuta blanketi usingizini,
nikasema, si kwa choyo, kwa mazoea.
"Anaachia?"
Anaachia. Anarudia.
"Kushoto, kulia?"
Chini.

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimetoka kwapani,
kimekunjuka juu ya mshipi usiokuwapo.
"Ngoma," akasema. "Mkubwa. Jike."

Alikuwa ngoma, na mkubwa.
Jike sijui; tulimrudisha.

Tukaendelea hivyo. Nikasema mlango wenye upepo,
nikasema mbwa anayejua ni siku ya kuogeshwa,
nikasema shangazi Bích akitoka kwenye kiti,
na baba akacheka, akapatia, akacheka.

Saa tisa usiku kikashika kitu.
"Yukoje?"
Kama mtu aliyepiga simu akanyamaza,
nikasema, na unamsikia akipumua.

Baba akainuka kwenye ndoo.
"Endelea."

Havuti. Haachii. Nadhani ananisikiliza.

Kisha mshipi ukawa mwepesi kama unywele.
Ndoana ikarudi nzima, na chambo chake.

"Sijui," akasema baba,
akalitamka polepole, kama jina la mgeni.

Nani apike kahawa, sheria haikusema.
Akaichukua chupa ya chai yeye mwenyewe,
akamimina, akakibeba kikombe kwa viganja viwili,
akanisogezea usoni, kuutafuta mvuke.

"Ya moto?" akaniuliza.