Fundi Bomba Atazama Jicho la Bintiye

Wiki ya ishirini na saba, gramu mia tisa na kumi:
mtoto wa Kerubo, bado hana jina,
kofia yake ni soksi ya kaka yake.

Daktari Mwende amezuia kope kwa kijiwaya.
Matone. Kilio chembamba, cha paka chini ya gari.
Kamera haimgusi; inasoma tu
damu ipitavyo nyuma ya jicho.

Kwenye skrini nikaona kazi yangu.

Mimi ni fundi bomba, Kayole.
Najua mtaa ambao maji hayajaufikia:
mabomba rasmi yanakoma barabarani,
huko mbele watu wana kiu,
na mwenye kiu hangoji kibali.
Anatoboa usiku, anaunga,
mpira juu ya mpira, mafundo, mipindo,
hadi siku panapasuka
na plasta yote inabanduka ukutani.

"Ndivyo hasa," akasema daktari,
akanionyesha mpaka: hapa mishipa imekoma,
hapa imeanza kujiviringa.
"Na kasi imezidi ya Jumanne."
Akaandika namba. Kesho sindano, labda.

Nilitaka kuuliza valvu iko wapi.
Mikono yangu, inayojua spana zote,
ikabaki mifukoni.

Nje, baridi ya Julai, Nairobi ya kijivu.
Kerubo anakamua maziwa kwenye kikombe cha dawa,
mililita nne.
Umeona nini?

Presha ipo, nasema.
Mabomba ndiyo hayajafika.

Akanitazama kitambo,
akaendelea kukamua.