Rangi ya Tano

Rangi ya kwanza ilikuwa ya maziwa.
Fundi Gwakisa alipaka Jumamosi, akala ndizi na maharage,
akaondoka akipiga mluzi.
Jumatano doa likarudi pale pale, nyuma ya kochi,
asubuhi kama sarafu, jioni kama sinia,
kisha rangi ikatuna malengelenge
kama kisigino kwenye kiatu cha kuazima.

Ya pili, ya mafuta.
"Hii, mama, maji yenyewe yataomba njia."
Hayakuomba.

Ya tatu nilipaka mwenyewe.
Nilikwangua kwa kisu cha mkate, nikapiga msasa
mpaka kope zikawa nyeupe kama za mtu wa mashineni,
nikachanganya chokaa na chumvi
kama alivyonielekeza jirani yangu Andembwisye,
ambaye kwake, nilikuja kujua baadaye,
kuna doa kubwa kuliko langu,
amelitundikia kalenda ya benki.

Ya nne siisemi. Ilikula pesa ya mbolea.

Mvua ya Tukuyu haigombi na mtu.
Inakaa tu kibarazani
kama mgeni wa harusi iliyokwisha juma lililopita.
Kiberiti kinagoma, shuka zinanuka ukungu,
na kabatini viatu vya kanisani
vimeota ndevu za kijani.

Na nje, mgongoni mwa ukuta huo huo,
bustani nayo ilikuwa na kesi zake.
Mawaridi yalioza mizizi;
ukiyavuta yanakuja bila ubishi,
kama jino la mtoto wa miaka saba.
Dalia ziliondoka usiku, moja moja, kwenda chini:
fuko alizivuta kama mtu avutaye kamba kisimani.
Nilimwaga majivu. Nilimwaga pilipili.
Na kila masika niliongeza udongo, niliinua tuta,
udongo wetu huu mweusi wa Rungwe
ambao ukisahau jembe wiki mbili
unalikuta limechipua mpini.

Mpaka Aprili ile, umeme umekatika,
nimechuchumaa chini ya ukingo wa bati natafuta ndoo,
tone likaniingia shingoni,
la pili, la tatu, mahali pale pale,
kama sindano ya cherehani,
nikageuka kulitukana.

Nikaona.

Paa zima linamwaga maji yake juu ya tuta langu.
Na tuta langu, nililolilea kwa mikono hii,
limepanda matofali matatu juu ya msingi,
limeukumbatia ukuta,
linaunyonyesha.

Nilicheka peke yangu mvuani, ndoo kichwani.
Miaka mitatu nampaka poda
mgonjwa wa tumbo!

Lusajo, kijana wa mama Tupokigwe, alikuja na koleo.
Tulilihamisha tuta hatua mbili, beseni kwa beseni,
tukachimba mtaro, tukaujaza kokoto za mto Kiwira.
Mfereji wa dukani bei yake ilinikalisha chini;
tukapasua mianzi, tukatoa vifundo,
tukaifunga kwa waya chini ya bati.
Sasa maji yanakwenda kwenye pipa,
yanaongea njia nzima.

Kisha ikabaki kazi ngumu kuliko koleo: kungoja.
Plasta nilibandua, ukuta ukakaa uchi
Mei, Juni, Julai.
Mchungaji alikuja kuombea nyumba
akasali jicho moja likiwa wazi, linautazama.
"Umeishiwa, mama?"
Ninaukausha, baba. Anza upya, uliruka amina.

Agosti, baridi ya kukata masikio,
nilichanganya masalio ya makopo yote manne.
Ilitoka rangi isiyo na jina,
chai iliyopitiwa na maziwa kwa mbali.
Nilipaka mara mbili. Masika yakaja, yakapita.
Kochi limerudi ukutani.
Kuna alama, chini kabisa, ya ukubwa wa kidole gumba.
Naifuta vumbi kama picha.

Mawaridi matatu yameshika.
Dalia, hapana.
Fuko naye alihama nasi, hatua zile zile mbili.
Huyo bado tunazungumza.