Picha Namba 2117

Ghorofa ya nne, hapa Kutaisi,
mashine inamulika kama radi isiyo na ngurumo:
ukurasa, mwanga. Ukurasa, mwanga.
Mia tatu kwa siku, ndivyo mkataba usemavyo,
na glavu zinazoniacha na vidole vya kunuka mpira
hata nikimenya kitunguu nyumbani.

Sikuwa nazitazama. Nasema kweli.
Mhesabu magunia haonji mahindi.

2117 ilipita Jumanne:
picha ya kioo, ufa pembeni, na kikaratasi:
*Mwanamke asiyejulikana, pamoja na mbuzi.
Svaneti, yapata 1931.*
Nikaubana ule ufa kwa kidole gumba,
glavu ya kushoto ilikuwa imetoboka,
mwanga ukapiga,
na kidole changu kikaingia milimani,
kinene kuliko mnara ulio nyuma ya yule mama.
Nilipaswa kukifuta.
Lakini saa kumi na moja ilishafika, na basi halingoji.

Baada ya miezi minane, barua.

*Mimi ni Dzabuli Gulbani, miaka themanini na tisa.
Mjukuu anaandika, mimi nasema.
Mtandao huku haushiki ila juu ya paa la zizi,
basi nimepanda ngazi; msinicheleweshe.
Picha ilifunguka kidogo kidogo kuanzia juu:
theluji, kisha mnara wetu, kisha kitambaa cha kichwa.
Hapo nikamwambia mtoto, tulia, usiguse kitu.
Mmeandika hajulikani.
Hajulikani na nani?
Huyo ni Kesaria, mama yangu. Mabonde matatu yalimjua,
kwa jibini lake na kwa ulimi wake.
Na mbuzi ni Zurmukhti. Nilizaliwa keshachinjwa,
lakini habari zake nilizila kila msimu wa baridi.*

Mkuu wa idara akajibu kwa kanuni:
tafadhali wasilisha uthibitisho.

Ikaja picha moja, imetikisika:
mkono wenye mishipa, umeshika bakuli la mti
lililozibwa kwa kipande cha bati.
Nikafungua 2117, nikaikuza, nikaikuza tena.
Bakuli lile lile. Bati lile lile.
Mama analishika kama mtu aliyeitwa ghafla
kutoka jikoni, na anataka kurudi.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Sisi daftari tunalo:
tunalo la ngozi, tunalo la chuma,
tunalo sasa hata la mawinguni.
Habari ndiyo tuliyoipoteza
huku tumeikumbatia mali.

Nafasi ya maelezo ni herufi sitini, hazizidi.
Nikamfuta *asiyejulikana*, nikamweka Kesaria Gulbani.
Zurmukhti akabaki nje, pembe na yote.
Nikafuta neno *Svaneti*. Mbuzi akaingia.
Mkuu ananuna mpaka leo.

Bibi akauliza tena:
mbona muhuri wenu umemkata mama kifuani,
na mbona kuyaona macho yake sawasawa
ni lari arobaini?
Sikuwa na jibu lenye nambari ya kanuni.
Usiku, wenzangu wakiwa wamekwenda,
nikamtumia faili zima, safi, zito kama jiwe la kusagia,
nikamfikiria juu ya paa lile,
mjukuu akiinua simu kama taa,
mstari baada ya mstari, macho yakija.

Ilichukua siku mbili. Theluji ilianguka katikati.

Kisha barua ya mwisho, fupi:
*Amefika. Asante.
Hicho kidole ni cha nani? Kucha imetafunwa.
Mwambieni aache,
au apande huku aje kunieleza kinachomsumbua.*

Orodha ya marekebisho iko mezani kwangu.
2117: ondoa kidole.
Nimeshaipita mara tatu.