Mizani

Lifti ya jengo la Hartwell imekufa tangu Jumatatu.
Napanda kwa miguu, mizani begani
kama mbeleko isiyo na mtoto.
Middlesbrough, mwezi wa pili. Dirishani mwa ngazi
naona palipokuwa na tanuri la chuma:
uwanda mtupu, na shakwe wawili wakigombea chipsi.

Ghorofa ya pili Mzee Harker anafungua mlango nusu.
“Brenda yuko wapi?”
Brenda alistaafu, namjibu,
kama nilivyomjibu Alhamisi iliyopita, na ile ya kabla.
Mguu wake haumo kwenye orodha yangu.
Nachungulia bandeji. Napiga simu.

Ghorofa ya tano, Rozhin na simu yake inayotafsiri.
Nasema chanjo; simu inamwambia sijui nini,
anacheka hadi anafuta machozi
na hataki kunieleza.
Kitabu chekundu cha mtoto, hata hivyo, anakileta mwenyewe.

Ya saba ni kwa Kayleigh. Miaka kumi na tisa.
Saa tano asubuhi, pazia halijafunguliwa;
kuvu pembeni mwa dari imepakwa rangi, imerudi.
Namvua Alfie, namlaza: kilo tano kasoro.
Wiki mbili, gramu thelathini.
“Lakini anamaliza chupa,” anasema. “Anamaliza zote.”

Simbishii. Namwomba anitengenezee moja, nione.
Maji ya vijiko sita. Anatia vinne,
anasita, anafunika.
Na kopo, pale juu ya friji,
bado lina kile kidude kinacholia mlangoni mwa duka.
Nimekiona.
Ameona kwamba nimekiona.

Fomu ina kisanduku cha uzito, cha urefu,
cha mzingo wa kichwa.
Najaza hivyo vitatu.

Shuleni Muheza mwalimu alitufundisha mizani nyingine:
nane na nane kila mshororo;
ukiiba moja, alisema, shairi litachechemea
na kila mwenye sikio atajua.
Sikuwa mshairi. Nilibaki na kuhesabu tu.

Tuanze upya, Kayleigh. Mwaga hiyo.
Moja. Mbili. Usikandamize, kata juu kwa kisu.
Tatu. Kopo jingine nitalileta kesho,
kanisa la Mtaa wa Marsh hugawa, hawaulizi jina.
Nne.
Endelea.