Tak

Gari letu ni jipu la mwaka tisini na sita,
na kwa mfuko wetu lilikuwa jipu kweli:
liliiva kila wiki, likatumbukia kituo cha mafuta.
Lita kumi na nane kwa kilomita mia,
na kutoka Lesko hadi shuleni kwa Halszka
ni mlima, kisha mlima mwingine, kisha theluji.

Kinga alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mkate.
Gesi ni nusu ya bei. Litakunywa zaidi kidogo.
Gharama itarudi baada ya vipupwe viwili.
"Kama kutu haitalimaliza kwanza," nikasema.
Hakucheka. Alikuwa amekwisha kupiga simu.

Fundi Dobromir ana karakana nyuma ya kiwanda cha mbao
na paka alalaye ndani ya kofia ya kulehemu.
Alilizunguka gari mara moja,
akagonga chasisi kwa mpini wa bisibisi,
akategea sikio, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
"Injini itanizika mimi. Bodi, siwezi kuapa."
Kisha akafungua buti:
"Mtungi utakaa hapa. Spea itoke."

Hapo nikawa mgumu kama punda wa kukodi.

Maana spea ile, iliyosimama kushoto ndani ya buti,
ndiyo aliyoiegemea nyanya yangu kila Agosti,
miguu ikining'inia nje, soksi za sufi hata kwenye joto,
tulipovuka mto pasipo na daraja
hadi pale ilipokuwa nyumba yao.
Mwaka wa arobaini na saba askari waliwapa saa mbili wafungashe.
Imebaki mipeasi mitatu, na ngazi ya mawe
inayopanda hadi pasipo na mlango.
Aliizungumzisha mipeasi kwa Kilemko.
Mpita njia akitokea, mwenye ramani na kofia,
aliingia Kipolandi katikati ya sentensi
bila kujikwaa, bila kupumua,
na mgeni hakujua kama kuna kitu kimebadilika.

Sikumweleza fundi haya yote.
Nilisema tu, "Mbwa amezoea."
Dobromir aliinua zulia.
Chini yake: senti mbili, kisu cha kukatia uyoga,
na vikonyo vya peasi, vikavu, kama herufi za mtu mwenye haraka.
Alivikusanya kiganjani, akanipa.
Halafu akatoboa sakafu.
Nilitoka nje kumtazama paka.

Siku tatu. Mabomba, vali, waya wa rangi nne,
swichi ndogo kama kifungo cha shati kando ya usukani,
karatasi yenye muhuri wa mtungi.
Kinga alinusa kila kona kama mpelelezi.
"Nyumbani mnapikia gesi hii hii," fundi alimwambia.
"Nyumbani siketi juu ya jiko," akajibu.

Tukawasha. Linaanza kwa petroli, kama zamani,
hadi maji ya rejeta yapate uvuguvugu.
Dobromir aliinua kidole: ngojeni.
Tulingoja. Halszka alizuia pumzi, mashavu yamevimba.
Mimi nilitarajia mtikisiko, kikohozi, aibu.

Tak.

Basi. Taa ya kijani.
Silinda sita zikaendelea na mazungumzo yao
kwa lugha nyingine, katikati ya sentensi,
na aliyepita barabarani hakugeuza shingo.

Kwetu neno hilo maana yake ni ndiyo.
Halszka ndiye aliyeling'amua, akacheka peke yake:
"Limekubali!"
Mimi nilijifanya nakagua mshale wa joto.

Sasa tunajaza kwa nusu ya bei,
na gereji ya chini ya duka kubwa imetukataza kuingia.
Spea tumeifunga juu ya paa kwa mikanda.
Agosti tutavuka mto; Kinga ameshauliza mara mbili
iwapo maji yatafika kwenye vali.
Vikonyo nimeviweka kwenye kisanduku cha glavu.
Na Borsuk, mbwa mzee, kila asubuhi
huingia butini, huzunguka mtungi mara tatu,
hunusa chuma, hutuangalia,
hataki kulala.