Jiko Lile Lile

Jiko hili nalijua kwa uzito, si kwa sura.
Kilo mia mbili na themanini, miguu minne,
mmoja mfupi, kama wa mtu aliyezaliwa hivyo.
Nimelipeleka mara tano, mimi na Nodar,
kutoka bohari ya Etobicoke hadi pembe zote za Toronto,
na mara zote mnunuzi ametupokea mlangoni
akifuta mikono ambayo haijashika unga bado:
"Hapa ndipo."

Nami huacha kadi juu ya kaunta:
*Tunauza vyombo vya mikahawa. Tunanunua pia.*

Wa kwanza Ilonka, mjane wa Kihungari,
Scarborough, kati ya duka la matairi na kinyozi.
Alipika supu baridi ya cheri. Watu wakaipiga picha,
wakaagiza viazi.
Miezi tisa. Tulilitoa usiku, kwa ombi lake,
majirani wasione.

Wa pili sikumwona. Nilimwona wakili wake.

Wa tatu, Brampton, ndugu wawili kutoka Jalandhar,
waligombania jina hata kibao kikaja na majina yote mawili,
herufi nyembamba kama miguu ya sisimizi;
mwenye gari akipita, hakusoma lolote.
Lakini mkate wao wa viazi, wallahi,
ulinisahaulisha goti langu.
Kila mmoja akanipigia simu kivyake:
njoo ulichukue kabla mwenzangu hajajua.

Kisha Crisanto, mpishi wa meli miaka kumi na mmoja,
akafungua Mississauga siku ya theluji ya kwanza.
Maputo ya manjano mlangoni
yakasinyaa kwa baridi kabla ya mgeni kuingia.
Mgeni mwenyewe alikuwa Nodar. Akala sahani tatu,
akalipa nne.

Leo ni Markham. Kibao hakijafika,
rangi ukutani bado inanuka.
Thayalini anapapasa mlango wa oveni
kama anayepapasa shavu la mtoto wa watu.
"Limetoka wapi?"
Nodar ananitazama. Natazama goti langu.
"Limepikia wengi," nasema. Sikudanganya.

Anawasha moto, anabandika sufuria mpya,
anamimina maziwa, na mama yake anasimama karibu,
midomo ikimcheza, mpaka maziwa yanapanda,
yanapita ukingo, yanamwagika upande wa mashariki.
Wanashangilia! Kwetu sisi wabebaji
kitu kikimwagika mtu hukatwa mshahara.

Tukapewa wali, tukala tumesimama.
Jiko likayumba kidogo kila alipokoroga.
Kigae cha kukingia nilikuwa nimekisahau garini,
na mfukoni nina kadi tu.

Nikaikunja mara nne,
nikapiga magoti, la kulia likilalamika,
nikaisukuma chini ya mguu mfupi.
Likatulia.

Ataisoma siku ya kulihamisha,
siku hiyo tu.
Isije.