Usiiname Bondeni

Alhamisi tulipita njia yote kwa mguu, mimi na Katungu,
yeye na daftari, mimi na kipande cha mshumaa.
Kutoka Himbi hadi Ziwa la Kijani, kupitia Mugunga:
kilomita kumi na moja, ukihesabu na pale tulipopotea.

Mawe ya Goma hayajasahau kwamba yalikuwa moto.
Ukianguka, yanakuandika gotini.
Ndiyo maana nilikataza ndala,
nikamkatalia hata Mugisho, anayelipa mchango kabla ya wote
na ana kisigino kigumu kama gurudumu la chukudu.

Kwenye kibonde nyuma ya shamba la maharage
Katungu alinyamaza.
Pale nyasi zimestawi kupita kiasi,
na kunguru mmoja alilala chali, hana jeraha.
Nikawasha mshumaa, nikaushusha polepole:
kifuani uliwaka,
kiunoni uliwaka,
gotini ukazima.
Moshi haukupanda. Ulilala ubavu.
"Mazuku," akasema,
kwa sauti ya mtu anayemtaja shemeji asiyelipa deni.

Basi tukachana kitenge cha mama yake,
kile chekundu cha majogoo,
tukafunga vitambaa kwenye miti na vichaka,
njia tukaipandisha, ing'ang'anie mgongo wa kilima.
Saa ya kuanza nikaisogeza
kutoka kumi na mbili hadi mbili kasoro robo,
jua lipande kwanza, upepo uamke ufagie mabonde.
Waliolalamikia joto niliwajibu: jasho hukauka.

Jumapili walikuja thelathini na mmoja.
Nikapanda juu ya bidoni.
"Kamba ya kiatu ikifunguka, usiiname bondeni.
Panda kwanza, ndipo ufunge.
Mfupi akimbie kati ya warefu.
Usimkimbize mbuzi wa mtu. Usimkimbie mwenzako.
Na wa mwisho si wa mwisho: nyuma yake yuko Bauma na chukudu,
ana maji, ndizi, bendeji, na mdomo usiochoka."
Wakacheka. Nilitaka wacheke,
kinachochekesha hakisahauliki upesi.

Wakaondoka, vumbi jeusi likawafuata,
nami nikapanda pikipiki kwenda kuwasubiri.
Kumbe raha ya watu huandaliwa hivi,
na mtu mmoja ambaye tumbo linamsokota.

Kando ya ziwa niliwapokea kwa majina.
Nsimire, masizi hadi kwenye kope, anaimba bila pumzi.
Mugisho, viatu vya kuazima, malengelenge mawili, tabasamu moja.
Ishirini na nane. Ishirini na tisa.
Saa nne na nusu: thelathini.
Nikahesabu tena, kana kwamba daftari ndilo lenye kosa.
Mwamini hayupo.
Wala Bauma. Wala chukudu.

Nilirudi mbio, mimi nisiyekimbia,
mimi niliyechaguliwa kuwa katibu kwa sababu ya mwandiko.
Kila kitambaa nilichopita kiliniuliza
kama nilikifunga vizuri.

Niliwakuta juu ya kibonde kile, upande wa salama.
Mwamini amekaa juu ya chukudu kama bibi harusi,
kifundo kimefungwa bendeji nene kuliko mguu,
wote wawili wanatafuna mahindi ya mwenye shamba.
"Tulikusikia kutoka mbali," Bauma akasema,
"unapumua kama lori linalopanda kutoka Sake."
Nilitaka kumgombeza. Nikaomba hindi.

Jioni nikarudi kufungua vitambaa.
Hatuachi takataka kwenye njia za watu.
Kwenye kile cha kibonde, mwenye shamba alinishika mkono.
"Hicho kiache.
Wajukuu wangu hawajui kusoma,
lakini nimeshawaambia jogoo huyo hapitwi."

Nikakaza fundo.
Na katika daftari, mstari wa vifaa, nimeandika:
vitambaa kumi na tisa,
vimerudi kumi na nane.